Kuagiza vanishi ya gitaa kutoka nje: agiza kikavu, kimiminika nunua hapa hapa

Kopo langu la kwanza la vanishi ya nitro halikufika. Nililipia lita 2 kwa muuzaji wa Uingereza, naye kwa nia njema kabisa akaandika kwenye ankara "vifaa vya gitaa". Mzigo ukanaswa kwenye ukaguzi kabla haujapanda hata ndege ya kwanza. Nauli haikurudi, na kopo niliambiwa limeteketezwa. Gitaa lililokuwa likilisubiri lilining'inia ukutani miezi minne, uchi, likikusanya alama za vidole vya kila mgeni aliyesema "hebu nijaribu kidogo".

Siku hizi kutoka nje naagiza vitu vikavu tu, hasa shelaki, ambayo huyeyushwa kwa spiriti ikawa vanishi. Vya majimaji, kama hiyo spiriti, natafuta hapa hapa Dar. Utaratibu wenyewe ni huu, na ni wa fundi anayetengeneza gitaa moja moja, si wa mwenye kiwanda.

Hatua ya 1: Soma karatasi ya usalama kabla ya kulipa

Vanishi ya nitro ni nitroselulosi iliyoyeyushwa kwenye vimiminika vinavyowaka upesi. Mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye joto lililo chini ya nyuzi 23, na sisi Dar nyuzi 23 ndiyo baridi ya kuvalia sweta. Ndiyo maana imewekwa kundi la 3 la bidhaa hatari, na kwa kawaida husafiri kwa namba UN 1263, namba ya rangi na vanishi. Posta haiipokei. Kampuni za vifurushi zinazokubali hudai kifungashio maalumu, tamko la bidhaa hatari na ada inayoweza kuipita bei ya kopo.

Mwombe muuzaji karatasi ya usalama, ile wanayoiita SDS. Ina sehemu 16, usijichoshe nazo zote. Nenda sehemu ya 9 uangalie joto la kushika moto, kisha sehemu ya 14 inayohusu usafirishaji. Ukikuta UN 1263 na kundi la 3, achana na habari ya ndege. Ukikuta bidhaa haimo kwenye orodha ya bidhaa hatari, endelea.

Jihadhari na jina la chupa. Mafuta halisi ya tung, yanayokamuliwa kwenye mbegu za mti wa jina hilo na kupakwa mbao, hayawaki kirahisi, lakini chupa nyingi zenye jina hilo zimechanganywa na thina. Lebo isikudanganye, sehemu ya 14 ndiyo itakayokwambia.

Hatua ya 2: Agiza shelaki ya magamba

Shelaki ni utomvu unaotolewa na mdudu mdogo anayeishi kwenye matawi ya miti India na Thailand. Kwa India, jimbo la Jharkhand ndilo linaloongoza. Husafishwa na kukaushwa ikawa magamba membamba ya rangi ya asali, mepesi kama maganda ya kitunguu. Magitaa ya klasiki ya Hispania yamepigwa kitu hiki tangu karne ya 19, na mpaka leo wapo mafundi wasiotaka kingine kwenye uso wa gitaa, kwa sababu tabaka lake ni jembamba na halizibi sauti.

Pakiti iwe na neno "dewaxed", yaani nta imeondolewa. Uliza tarehe ya kutengenezwa. Shelaki ikizeeka haiyeyuki vizuri, inabaki mirenda chini ya chupa. Ile nyeupe iliyopaushwa huzeeka haraka kuliko zote, mimi siiagizi kabisa. Gitaa moja la nyuzi za nailoni hunila gramu 60 hivi, kwa hiyo nusu kilo inatosha magitaa manane. Usiagize kilo tano kwa tamaa ya bei, zitakufia dukani.

Kwenye kifurushi hicho hicho tia unga wa pumisi (jiwe jepesi la volkano) wa kujazia vinyweleo vya mbao, na msasa wa namba 1500 na 2000 kama huna pa kuupata karibu.

Hatua ya 3: Ankara iseme ukweli, na iseme vizuri

Hapa ndipo hela hupotea. Muuzaji akiandika "varnish", mzigo utasomwa kwenye kichwa cha 3208 cha orodha ya ushuru wa forodha, ambako ndiko ziliko vanishi na rangi zisizo za maji. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki imeingiza rangi kwenye kiwango kipya cha asilimia 35. Shelaki kavu ni utomvu wa asili, na kichwa chake ni 1301. Mwambie muuzaji aandike hivyo: shelaki kavu ya magamba, uzito, namba 1301. Ambatanisha na karatasi ya usalama.

Tuseme mzigo, nauli na bima vimefika shilingi 100,000. Kwa asilimia 35, ushuru ni 35,000, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya 135,000, sawa na 24,300. Jumla 59,300, kabla ya tozo ndogo ndogo na mkono wa wakala. Kwa hiyo mpigie wakala wa forodha mapema, umtajie namba na umwulize kiwango cha siku hiyo. Akikushauri upunguze bei kwenye ankara, tafuta wakala mwingine.

Hatua ya 4: Tafuta spiriti inayofaa

Usinunue spiriti ya kusafishia vidonda. Nyingine huwekwa mafuta ya nyonyo, na shelaki yako haitakauka maisha. Kitakasa mikono nacho ni jeli na maji, kiache. Unataka spiriti ya kuchomea yenye maji kidogo iwezekanavyo. Ile ya zambarau inafaa kwa mbao nyeusi, ila kwenye uso wa gitaa wa sprusi, ambayo ni mbao nyeupe, natafuta isiyo na rangi.

Kila chupa mpya naijaribu kwa kioo. Nayeyusha gamba moja moja kwenye kijiko, natandaza juu ya kioo cha dirisha, nasubiri. Ikikauka angavu, sawa. Ikiacha ukungu mweupe kama pumzi, spiriti imejaa maji. Wakati wa masika hata spiriti nzuri inaweza kuacha ukungu, kwa hiyo rudia mchana jua likiwaka kabla hujamlaumu muuza duka.

Spiriti hiyo huweza kuwa na methanoli, alkoholi yenye sumu. Vaa glavu, fungua madirisha, na jiko la mkaa likae mbali.

Hatua ya 5: Yeyusha

Gramu 240 kwa lita moja ndiyo nguvu ya kawaida. Mimi nachanganya gramu 24 kwa mililita 100, kwenye chupa ya kioo ya jamu. Saa ya kwanza magamba huvimba na kugandamana chini kama ubuyu uliolowa. Tikisa kila unapopita. Kesho yake chupa inafanana na chai ya rangi. Chuja kwa kipande cha shuka kuukuu, andika tarehe kwenye plasta, bandika. Kwa joto letu siitumii ikipita miezi minne.

Magamba yaliyobaki nayafunga vizuri na kuyaweka kwenye friji, maana kwenye joto hushikana yakawa tofali. Mke wangu alishayadhania sukari guru.

Hatua ya 6: Ziba mpingo kwanza

Mpingo na ndugu zake wana mafuta na utomvu unaozuia vanishi za mafuta kukauka. Nimewahi kukaa wiki mbili na mgongo wa gitaa unaonata kama karatasi ya kunasia nzi. Tabaka mbili jepesi za shelaki kwanza, ndipo upake unachotaka. Na vumbi la mpingo lisifike kwenye sprusi: pakaa uso mweupe shelaki kabla hujapiga msasa ubavu, la sivyo utabaki na michirizi ya zambarau.

Na kama lazima iwe nitro

Basi ije kwa meli, kwenye konteina la kuchangia, na mkusanyaji aambiwe wazi kilichomo, maana kopo likivuja kwenye konteina lililofungwa ni hatari kwa mzigo wa watu wote. Kabla ya kulipa, ulizia kibali kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na masharti ya TBS. Tafuta mafundi wenzako watatu mgawane gharama, na muwe na mahali pa kuyahifadhi makopo hayo mbali na chumba cha kulala.