SOMO: Jinsi ya kuishi na kompyuta ya mfukoni kwa kazi za kila siku (uzoefu wa Kigoma)

Wakuu habari za saa hizi. Nipo Mwanga, Kigoma mjini, na mashine ninayochapia hapa inaingia mfuko wa koti. Ni GPD Pocket, ile ya kwanza kabisa ya 2017, skrini inchi 7, RAM 8GB, uhifadhi 128GB, uzito nusu kilo hivi. Kazi zangu ni hesabu za wanunuzi wa dagaa kule Kibirizi, kuchapa barua na mikataba ya watu, na kusoma usiku. Hii ni kompyuta kamili, sio simu kubwa, na ukiitumia kama ilivyotoka kwenye boksi utachoka nayo mapema, ndio maana nimeona nieleze namna ya kuiandaa.

Hatua ya 1: Ipe kazi zake
Kabla hujagusa kitu chochote amua itafanya nini. Kuandika, majedwali ya hesabu, kusoma PDF, barua pepe, hapo iko vizuri mno. Video za masaa, gemu nzito na picha za harusi usiibebeshe, prosesa yake ni Atom, aina ndogo ya Intel isiyo na nguvu nyingi, inapata moto haraka na feni inaanza kupiga kelele. Mimi nimeweka LibreOffice (programu ya bure ya kuandika na majedwali), kisoma PDF, na Kiwix ambayo inakuwezesha kushusha Wikipedia mara moja ukaisoma bila bando, ya Kiswahili ni ndogo wala haijazi diski.

Hatua ya 2: Macho yako kwanza
Skrini ina nukta 1920 kwa 1200 zilizobanwa kwenye inchi 7, kwahiyo maandishi yanatoka madogo kama ya kwenye karatasi ya dawa. Nenda kwenye mipangilio ya skrini upandishe ukubwa mpaka asilimia 175 au 200. Halafu jifunze vifupisho vya kibodi, Ctrl+S, Alt+Tab, Ctrl+F, maana kidude cha kusogezea mshale ni kidogo na kinachosha. Alama za uandishi kwenye kibodi hii zimehamishwa sehemu zake, mpe kidole muda tu kitazoea.

Hatua ya 3: Umeme
Hapa ndio kwenye somo lenyewe, kwa sisi ambao umeme ukikatika hujui unarudi saa ngapi.

Uzuri wake ni kwamba inachaji kwa USB-C, lakini sio kila chaja ya USB-C itakufaa, tafuta yenye mfumo wa PD (Power Delivery, unaopitisha umeme mwingi kwenye USB-C), wati 24 kwenda juu, chaja ya simu ya kawaida itaipa umeme wa kudonoa donoa na ukiwa unaitumia asilimia zinaweza zisipande kabisa. Pawabanki nayo iwe ya PD. Hesabu yake iko hivi: betri ya mashine ni mAh 7000 kwa volti 3.8, sawa na wati-saa (kipimo cha umeme uliohifadhiwa) 26 na kitu, pawabanki ya kweli ya mAh 20000 ina wati-saa 74 kwa volti 3.7, toa kinachopotelea njiani unabaki na chaji mbili kamili. Ukiona pawabanki ndogo kama sabuni ya kipande imeandikwa mAh 50000 na bei ya kutupa, iache hapo hapo dukani.

Mwanga wa skrini shusha, bluetooth zima kama huitumii. Mimi kwa kuandika napata masaa sita hivi. Na usiiache kwenye kiti cha gari juani, betri za lithiamu joto ndio linaziua, ukiona kasha linavimba au kibodi inanyanyuka katikati acha kuichaji siku hiyo hiyo umpelekee fundi, usiibonyeze irudi.

Hatua ya 4: Linda bando
Windows 10 iliyomo kwenye mashine hii ikiona hotspoti ya simu yako inadhani imepata Wi-Fi ya bure, inaanza kushusha maapdeti na GB zako zinaondoka ukiwa unakunywa chai. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, gusa jina la hotspoti yako, washa kile kipengele cha kusema mtandao huu unapimwa (kwa Kiingereza "metered connection").

Hatua ya 5: Nakala
Uhifadhi umechomelewa kwenye bodi, huwezi kuchomoa diski ukapeleka mashine nyingine, ikifa imekufa na mali za watu. Weka Syncthing kwenye simu na kwenye kompyuta, vikiwa kwenye Wi-Fi moja mafaili yanahama yenyewe hata kama hakuna intaneti. Na kila jumamosi natupia kwenye flashi.

Hatua ya 6: Mchanga na mawese
Kibirizi mchanga unaingia kila mahali. Ibebe kwenye mfuko wenye zipu, na kama umetoka kushika mawese nawa kwa sabuni kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Ujiji): Mwakeye ndugu. Kwanini nisinunue simu nzuri na kibodi ya bluetooth tu?
Jibu: Mwakeye. Kama kazi yako ni meseji na barua fupi, nunua simu, utakuwa umeokoa hela. Mimi nafungua jedwali la mistari maelfu na barua pembeni yake, na mteja kasimama mbele yangu anataka jumla yake, hapo simu inaninyima raha.

Swali (Tabora): Mkuu Windows 10 si imeshafungwa?
Jibu: Ndio, msaada wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Atom hii haimo kwenye orodha ya Windows 11. Weka Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, kwa mfano Mint ya Xfce, ni nyepesi. Jua tu kwamba kioo chake asili ni cha wima kilicholazwa ubavu, ukiwasha unaweza kukuta picha imegeuka ubavu, hiyo sio ubovu, unaizungusha kwenye mipangilio ya skrini.

Swali (Kasulu): Kaka kuna mtu ananiuzia Psion Series 5mx, ile kompyuta ya mfukoni ya zamani, inafaa bado?
Jibu: Dada hiyo ni ya 1999, inakula betri mbili za AA za dukani na kibodi yake ni tamu kweli. Kwa kuandika tu, sawa. Kwa intaneti ya leo sahau, na kebo ya kioo inakatika kwa kufungua na kufunga, ifungue na kuifunga mara nyingi mbele yake uone kama picha inapotea.

Swali (Gungu): Nimepata GPD iliyokwisha tumika na mtu, nikague nini?
Jibu: Iweke mezani ikiwa imefungwa, kama inayumba au ina pengo angalia betri isije ikawa imevimba. Iwashe bila chaja uitumie nusu saa, jaribu kila kitufe na zile tundu za USB zote mbili. Ukitaka tuikague wote nitafute siku za mbalamwezi, boti za dagaa zikiwa hazitoki mimi nakuwa na nafasi mchana mzima.