Mota imetoka kusukwa: ipime kabla ya kuiwasha

Mota ya fezi tatu iliyotoka kusukwa upya (koili zake kufungwa waya mpya), au iliyolala stoo masika nzima, usiiunganishe moja kwa moja kwenye umeme. Tuchukue mota ya kilowati 7.5 ya mashine ya kusaga mahindi, inayokula kama ampea 15 kwenye volti 400.

Zima swichi kuu na uifunge kwa kufuli lako, ufunguo ukae mfukoni mwako. Kisha gusa mita mahali unapojua pana umeme, pima kwenye mota fezi kwa fezi na kila fezi kwa waya wa ardhi, halafu rudi upime pale pa kwanza tena. Marudio haya mafundi wengi huyaruka, nayo ndiyo yanayothibitisha kwamba mita haikufa katikati ya kazi. Angalia pia waya mwekundu wa mita uko tundu gani. Ukibaki kwenye tundu la ampea tangu jana, ukigusa fezi mbili umepiga shoti mkononi mwako.

Tenganisha nyaya za mota na stata (kifaa cha kuwashia mota), toa vile vibati vya shaba kwenye boksi la mota, zibaki ncha sita, yaani mwanzo na mwisho wa kila koili. Pima omu za U1–U2, V1–V2 na W1–W2. Koili tatu lazima zilingane. Iliyo chini waziwazi ina mizunguko iliyogusana. Isiyosoma kitu imekatika. Omu zenyewe ni chache mno, kwa hiyo gusanisha kwanza nyaya za mita, uone zina kiasi gani, ukitoe.

Sasa mega (mita ya kupima kama umeme unavuja) ya volti 500: kila koili na bodi, kisha koili na koili, dakika 1 kila kipimo. Ikisoma chini ya megaomu 5, usiwashe. Mara nyingi ni unyevu, au vanishi haijakauka. Fungua vifuniko, weka balbu ya wati 100, ile ya kizamani inayotoa joto, ndani usiku kucha, upime tena. Kila ukimaliza kipimo gusanisha koili na bodi, maana chaji hubaki. Kama kuna inverta (kifaa cha elektroniki cha kubadili mwendo wa mota), mega isiifikie kabisa.

Soma kibati cha mota, kile chenye maandishi ya kiwanda. Kikiandikwa 400/690 V, funga delta (mwisho wa kila koili kwenye mwanzo wa inayofuata). Kikiandikwa 230/400 V, funga sta (miisho yote mitatu pamoja). Hii ya pili ukiifunga delta, koili ya volti 230 inapewa 400, na umemrudisha msukaji kazini.

Ovalodi, kile kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa, iweke kwenye ampea za kibati. Kwenye stata ya sta-delta (inayoanzisha mota kwa sta kisha kuihamishia delta) ambayo ovalodi imekaa upande wa koili, zidisha kwa 0.58: ampea 15 inakuwa 8.7. Ukiiacha kwenye 15, mota itaungua ovalodi ikitazama.

Kabla ya kuwasha vua mikanda, rudisha waya wa ardhi, funga boksi. Washa na kuzima papo hapo, utazame feni inageukia wapi. Ikienda kinyume, zima, funga kufuli, badilisha fezi mbili zozote. Ikikubali, iache izunguke tupu na upime ampea za kila fezi kwa mita ya klampu, ile inayobana waya. Zikipishana sana, zima, sogeza nyaya zote tatu hatua moja (wa kwanza pa pili, wa pili pa tatu, wa tatu pa kwanza), mwelekeo haubadiliki. Ampea kubwa ikibaki kwenye fezi ileile ya laini, tatizo ni umeme unaoingia. Ikihama pamoja na waya wa mota, ni koili.

Mota ikivuma bila kuzunguka, zima mara moja: fezi moja imekosekana, kwa fyuzi iliyokatika au kontakta (swichi ya sumaku ndani ya stata) iliyoungua ncha. Fezi ikipotea mota ikiwa tayari inazunguka, itaendelea kuzunguka, na volti kwenye ncha zake zitaonekana karibu sawa kwa sababu mota yenyewe huzalisha volti kwenye ile fezi iliyokatika. Hapo usiamini volti. Bana klampu kwenye kila waya: mmoja utasoma sifuri, na miwili iliyobaki itakuwa imepanda.