Kutambua miamba tabaka na miamba ya moto ukiwa Unguja au Pemba

Wanafunzi wengi wa skuli hukariri majina ya mawe bila kujua yametoka wapi. Mimi huwataka waulize kwanza: jiwe hili lilizaliwaje? Beba kisu, lenzi ya kukuzia na siki, au ndimu.

Hatua ya 1: Anza na jiwe ulilosimama juu yake. Maji yakipwa Jambiani au Paje, okota kipande kilichokwisha vunjika. Usimegue kuta za Mji Mkongwe, ingawa zimejengwa kwa jiwe hilo hilo; mji ule ni Urithi wa Dunia tangu 2000. Kwenye lenzi utaona vitundu vya matumbawe na vipande vya makombe. Viumbe vya baharini vilijenga mifupa na makombe kwa kalsiamu kaboneti, yaani chokaa, vikafa, vikashikana, na bahari iliposhuka mwamba ukabaki nchi kavu. Huo ni mwamba tabaka, yaani uliojengeka kwa vitu vilivyolundikana, wa kundi la kwanza: uliotokana na viumbe.

Hatua ya 2: Tia siki. Kwaruza kwa kisu upate unga, kisha dondoshea. Povu likitoka, ni kaboni dayoksaidi, na ndani mna chokaa. Lakini mchanga uliogandishwa kwa chokaa nao hutoa povu, kwa hiyo rudi kwenye lenzi. Katika vilima vya Pemba vya udongo na mchanga, pima chembe: zaidi ya milimita 2 ni changarawe, chini yake mchanga, na zisizoonekana kwa jicho ni tope. Chembe za duara ziliburutwa na maji kwa masafa marefu. Hili ni kundi la pili la miamba tabaka, la vipande vya mawe mengine. Kundi la tatu, la chumvi na jasi, hubaki maji yanapokauka.

Hatua ya 3: Tafuta jiwe la moto, yaani lililotokana na magma (mwamba ulioyeyuka) iliyopoa. Visiwa vyetu havina volkano, kwa hiyo jiwe hilo ni mgeni. Angalia meza za graniti mjini, au pumisi, jiwe jepesi la volkano linaloletwa na mawimbi. Baada ya mlipuko wa Krakatau mwaka 1883, pumisi ilielea kuvuka Bahari ya Hindi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Hapa ndipo watu hukosea sana, maana tumbawe kavu nalo ni jepesi na limejaa vitundu. Siki huamua: tumbawe litatoa povu, pumisi haitoi. Vitundu vya pumisi viliachwa na gesi, havikuwa nyumba ya kiumbe.

Hatua ya 4: Uliza maswali mawili. La kwanza, magma ilipoa kwa kasi gani? Graniti ilipoa polepole chini ya ardhi, ndiyo maana fuwele zake zinaonekana na zimeshikana. Basalti, iliyo nyingi Kilimanjaro, ilimwagika nje kama lava ikapoa haraka, chembe zake hazionekani kirahisi. La pili, kuna silika (kampaundi ya silikoni na oksijeni) kiasi gani? Graniti ina takriban asilimia 70, basalti takriban 50. Magma ya basalti ikipoa chini hutoa gabro. Ya graniti ikitoka nje hutoa rayolaiti.

Hatua ya 5: Usiamini povu peke yake. Lava ya Ol Doinyo Lengai, volkano iliyo kaskazini mwa Tanzania bara, ni ya kaboneti na karibu haina silika. Ni jiwe la moto kabisa, na likitiwa siki hutoa povu. Andika daima mahali ulipolipata jiwe, kabla ya kuandika jina lake.