Chai ya Alasiri ya Kiingereza Nyumbani Kwako: Alika Utakavyo, Tiketi Usiuze

Kabla hujanunua hata kisahani, shika hili: ukiandaa chai ya alasiri nyumbani kwako hapa Uingereza, andaa ya kualika watu. Wakija jirani, wenzako wa kazini na wifi yako na shoga zake, wakanywa, wakala, wakaondoka, hakuna mtu wa serikali atakayekuuliza neno. Siku utakapoandika bei kwenye mwaliko, mambo yamebadilika, na biashara ya chakula katika nchi hii ina wenyewe.

Nasema kwa machungu. Kikoba chetu cha akina mama, katika mji mmoja wa Midlands, katikati ya England, kilitaka kuchangisha pesa za madawati ya shule ya msingi kule nyumbani. Kwa kuwa mimi nina bustani, shughuli ikaangukia kwangu. Mpaka hapo shwari. Wadogo zetu wakapewa kazi ya tangazo, wakalipamba kwa maua na maandishi ya dhahabu: pauni 20 kwa kichwa, glasi ya mvinyo imo, kila mwisho wa mwezi, njoo na rafiki. Likarushwa kwenye makundi ya simu, likatoka huko likatua kwenye ukurasa wa mtaa. Haikuchukua muda barua ya halmashauri ikapenya mlangoni: biashara hii ya chakula imesajiliwa wapi, na pombe inauzwa kwa leseni gani? Nyuma yake wakala wa mwenye nyumba naye akaandika, akaninukulia kifungu cha mkataba kinachokataza biashara ndani ya nyumba ya kupanga. Pesa za watu tulizirudisha zote, na bado kuna dada mmoja anayeamini tumezila.

Tazama maneno ya lile tangazo moja moja. "Kila mwisho wa mwezi" ndiyo iliyotuchoma kwanza. Chai ya hisani ya mara moja kwa kawaida haihitaji usajili. Anayetoa chakula mara kwa mara na kwa mpangilio ndiye anayehesabiwa kuwa na biashara ya chakula, na anatakiwa ajisajili kwa halmashauri yake siku 28 kabla ya kuanza. Usajili ni bure na hawakunyimi. Baadaye mkaguzi anakuja kuangalia jiko na friji, anakupa alama za usafi kuanzia 0 hadi 5. Dada zetu wengi wanaooka keki nyumbani wamepitia njia hiyo na wanauza kwa amani. Wakifungasha keki kwenye vikasha kabla mteja hajazichagua, lebo lazima itaje viungo vyote. Hiyo ni Sheria ya Natasha, yenye jina la msichana aliyekufa kwa mzio (aleji), iliyoanza Oktoba 2021.

"Glasi imo" ni mbaya zaidi. Watu wanadhani mvinyo ukiwa ndani ya kiingilio basi ni zawadi. Hapana. Kwa England na Wales, chini ya sheria ya leseni ya mwaka 2003, ukitoza kiingilio kinachomhakikishia mtu glasi, umemuuzia pombe, na kuuza pombe bila kibali ni kosa la jinai. Kipo kibali cha shughuli ya muda: unaitaarifu halmashauri siku 10 za kazi kabla na unalipa pauni 21. Mvinyo wa bure kwa wageni wa bure hauna tatizo. Ugumu wote uko kwenye bei, ndiyo maana narudia: usiandike bei.

Na ninayemwonea wasiwasi kuliko wote ni mwanafunzi. Mdogo wangu, uliyekuja kwa viza ya masomo, zile saa 20 za kazi kwa wiki ni za kuajiriwa. Kujiajiri na kufanya biashara umekatazwa, hata kama ni kuuza sambusa na chai sebuleni. Mimi nilipewa barua. Wewe unaweza kupoteza viza. Usikubali jina lako wala namba yako ya akaunti viwekwe kwenye tangazo la mtu, hata awe shangazi.

Kule kwetu ungekwenda serikali ya mtaa ukachukua kibali cha sherehe, au mjumbe angepita jioni, akanywa soda, akakuambia, "Mama, hili mngelifanya hivi." Waingereza hawapiti. Mwingereza atakusifia maua yako akiwa ng'ambo ya uzio, atakuuliza habari za mvua, kisha ataandika. Mwanzoni niliita unafiki. Siku hizi nauona kama woga wa kugombana uso kwa uso, nao una faida yake: afisa niliyempigia alinisikiliza hadi mwisho bila kupandisha sauti, na hakutaka chochote cha mkononi.

Chai yenyewe ni rahisi. Anayetajwa kuianzisha ni Anna, mke wa Duke wa Bedford, mnamo miaka ya 1840, enzi ambazo chakula cha usiku cha mabwana kilichelewa mno na njaa ikawa inamshika alasiri. Kwa hiyo ni vitafunio, shangazi, tafadhali, pilau ibaki jikoni kwako. Andika saa 9 hadi saa 11 alasiri, na ujue saa 9 mlango utagongwa. Sandwichi ziwe ndogo, mkate umekatwa kingo: matango, mayai, samaki wa kukaushwa kwa moshi. Kwenye sinia la ghorofa tatu sandwichi hukaa chini, skonzi katikati, keki juu. Skonzi hizi haziumuki kwa hamira kama za dukani kwetu. Ni za baking pauda, huliwa zikiwa na uvuguvugu, pamoja na jamu na krimu nzito. Kusini-magharibi mwa England, watu wa Devon hutanguliza krimu, majirani zao wa Cornwall hutanguliza jamu, na wanabishana kwelikweli. Wewe weka vyote mezani unyamaze.

Majani yaloweke kwenye buli kwa maji yaliyotoka kuchemka, dakika tatu hadi tano. Maziwa ya baridi yakae pembeni kwenye kijagi, kila mtu ajimiminie. Chai yetu ya kuchemshwa na maziwa na tangawizi waionjeshe siku nyingine, na wataipenda. Usiwe mnyonge mezani: sehemu kubwa ya majani wanayokunywa imetoka Kenya, na mnada wake uko Mombasa.

Ulizia mzio mapema, wakati wa kualika. Kashata za karanga zisikae sinia moja na kitu kingine. Ufuta nao usiunyunyize ovyo. Ile keki ya mraba ya rangi mbili imefunikwa lozi hata kama huzioni. Wageni Waislamu waambie ukweli kuhusu jelatini, ile ya kugandishia vitamu, maana mara nyingi hutokana na nguruwe.

Kuhusu mchango: yuko shangazi atakayeuliza kwa nini umelisha watu bure wakati madawati hayajanunuliwa. Mwambie watu wakishanywa chai, mwenyekiti wa kikoba asimame, aeleze habari za shule kwa dakika mbili na aonyeshe picha za watoto walioketi sakafuni. Anayetaka kutoa atatoa kwa hiari, asiyetaka amalize keki yake. Hakuna tiketi, hakuna kima cha chini, hakuna kadi ya singo na dabo. Pesa ziingie akaunti ya kikundi, na zihesabiwe mbele ya watu wawili. Akisisitiza tiketi, mpe yeye ukumbi, anwani na jina la kuandika kwenye tangazo.