Somo: Kuchungulia mawimbi ya graviti kwenye laptop yako, na kujua kama kilichogongana ni shimo jeusi au donge la maada giza

Wakuu, laptop ya kawaida yenye Python (lugha ya kuandikia programu) inatosha, na data ya LIGO, mitambo ya Marekani inayonasa mawimbi ya graviti, yaani mitikisiko ya anga lenyewe, ni bure.

Hatua ya 1: Shusha data ya GW150914, wimbi la vitu viwili vizito vilivyogongana, lililonaswa 14 Septemba 2015. Chukua faili la sekunde 32 lenye sampo (vipimo) 4096 kwa sekunde, moja la Hanford na moja la Livingston, ndo mitambo miwili ya LIGO. Yale makubwa achana nayo.

Hatua ya 2: Chora grafu. Utaona mstari unayumba ovyo, usikate tamaa, hiyo ni kelele ya ardhi na umeme na mtambo wenyewe. Sawazisha kelele ili kila masafa yawe na nguvu sawa, halafu chuja ubakize hezi 35 mpaka 350.

Hatua ya 3: Vuta karibu zile sekunde 0.2. Hanford ilipata wimbi milisekunde 7 baada ya Livingston, kwahiyo isogeze, kisha igeuze juu chini maana mitambo imeelekea tofauti, na hapo mistari miwili inalaliana. Mara ya kwanza niliiangalia nikashindwa kuongea, kitu cha miaka bilioni 1.3 iliyopita kiko mezani kwangu!

Hatua ya 4, hapa ndo penyewe. Wimbi linapofika hezi 150 jua vile vitu vinazungukana mara 75 kwa sekunde, sababu kila mzunguko unatoa mawimbi mawili. Uzito wa vyote ni kama majua 65, ukiingiza kanuni ya Kepler (inayounganisha uzito, kasi ya kuzunguka na umbali) unapata umbali wa kilomita 350 hivi na bado havijagusana. Nyota ya bosoni, yaani donge la chembe nyepesi za maada giza (maada isiyoonekana), kwa hesabu nyingi inakuwa imevimba kuliko shimo jeusi la uzito huohuo, kwahiyo zingegusana mapema na mlio, yaani hilo wimbi linalopanda masafa, ungekatika kabla haujapanda hivyo. Huu haukukatika, ndo maana tunasema ni mashimo meusi.

MASWALI

Mkuu, maada giza haitoi mwanga, mawimbi itatoaje?
– Mwanga unataka chaji, haya yanataka uzito na mwendo tu. Na uzito inao, ndo ulioifanya ijulikane.

Kuna tukio lolote limeshadhaniwa ni hizo nyota za bosoni?
– GW190521, la Mei 2019. LIGO na Virgo (mtambo wa Ulaya) walisema ni mashimo meusi ya majua 85 na 66, ila 2021 watafiti wengine wakaonyesha nyota mbili za Proca (aina ya nyota za bosoni) zikigongana nazo zinaendana na data. Haijathibitishwa. Mlio ulidumu kama sekunde 0.1, mizunguko michache mno, ile hesabu ya hatua ya 4 inakosa pa kushika.

Nimefuata zote sioni kitu kaka.
– Unatafuta mwanzoni mwa faili nini? Nenda karibu na katikati, na ukishachuja kata pembeni, kule chujio linaharibu.