Mazda RX-7 FD: hatua za kuiongezea nguvu bila kuiua injini

Injini ya 13B-REW iliyomo kwenye RX-7 FD, gari lililotengenezwa Japani kuanzia 1991 hadi 2002, ina rota mbili, cc 1308 na tabo (turbo, feni zinazozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani ya injini) mbili zinazopokezana. Haina pistoni wala valvu. Kompresheni, yaani mkandamizo wa hewa ndani ya chemba, hufungwa na sili za ncha, vipande vya chuma vyenye unene wa milimita 2, vitatu kwa kila rota. Sili hizo hazivumilii injini kugonga: petroli ikilipuka kabla ya wakati wake mara moja tu wakati tabo inasukuma kwa nguvu, sili inaweza kukatika, na kipande chake kikitoka kinapitia kwenye tabo na kuiharibu nayo.

Adui wa pili ni joto. Mwili wa injini ni sahani tatu za chuma cha kusubu na nyumba mbili za alumini, zimebanwa pamoja kwa bolti ndefu. Alumini hutanuka kuliko chuma. Injini ikichemsha, mipira inayozuia maji kati ya sahani na nyumba huumia, na maji huanza kuingia kwenye chemba.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu bila kuruka. Anayeanza na bomba la moshi kwa sababu ya mlio ameanza mwisho.

Hatua ya 1: Pima kompresheni kabla ya kununua chochote

Geji ya kawaida ya pistoni hushika namba ya juu kabisa na kukuficha chemba mbovu. Rota moja ina nyuso tatu, kwa hiyo unahitaji namba tatu kwa kila rota, sita kwa jumla. Tumia kipimo cha injini za rota, ambacho husoma pia kasi ya stata, ili namba zisahihishwe ziwe za mizunguko 250 kwa dakika. Injini iwe ya moto, betri imejaa, fyuzi ya mafuta imetolewa, pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi chini.

Injini nzuri husoma karibu bar 8. Ikiwa chini ya 6, au nyuso za rota moja zinapishana kwa zaidi ya bar 1.5, pesa ya marekebisho iende kwenye kushusha injini. Kuongeza bosti (presha ya hewa inayosukumwa na tabo) juu ya sili zilizochoka ni kutupa pesa.

Mwinuko nao uhesabu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ina karibu asilimia 82 ya presha ya Mombasa. Injini ileile inayosoma bar 8 pwani itasoma kama 6.6 huko juu. Injini nzima hushushwa bure kwa kutojua hilo.

Hatua ya 2: Maji

Hapa usibane matumizi. Geji ya joto ya kiwandani hudanganya: mshale husimama katikati kuanzia nyuzi 80 na kitu hadi karibu 110, na ukianza kupanda umeshachelewa. Funga geji ya namba yenye kengele, uiweke ilie kwenye nyuzi 105. Ikifika 110, toa mguu, washa hita hadi mwisho, tafuta pa kusimama.

Kisha badilisha vitu hivi kwa mkupuo mmoja:

- Tanki dogo la plastiki la kutenganisha hewa na maji. Plastiki ya miaka thelathini hupasuka kwenye mshono bila taarifa, na maji yote humwagika. Weka la alumini.
- Mipira yote ya maji, pamoja na ile midogo ya tabo na ya hita.
- Mfuniko wa presha, bar 0.9.
- Thamostati ya nyuzi 82. Wapo mafundi wanaoitoa kabisa "ili gari lipoe". Usikubali. Injini ikibaki baridi, kompyuta ya injini huendelea kumwaga petroli nyingi, na petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za nyumba ya rota.

Feni za kiwandani husubiri hadi nyuzi 105 hivi ndipo ziwake. Swichi ya joto ya RX-7 ya kizazi kilichotangulia, FC, huziwasha kwenye 95. Ni kifaa cha bei ndogo, nacho kinasaidia kuliko vingi vya bei kubwa.

Unapojaza, changanya kulanti (dawa ya kupoza injini) na maji yaliyosafishwa nusu kwa nusu, washa hita, acha injini inguruma mfuniko ukiwa wazi hadi mapovu yaishe. Mapovu yakiendelea kutoka hata baada ya thamostati kufunguka, kuna sili ya maji iliyokufa. Dalili mwenzake ni moshi mweupe na misi (injini kukosa kuwaka vizuri) ya sekunde chache gari linapowashwa asubuhi.

Hatua ya 3: Oili

Injini hii inakula oili kwa makusudi. Pampu ndogo huvuta oili ya injini na kuidondosha ndani ya chemba ili kulainisha sili. Basi gari lisilopunguza oili hata kidogo ndilo la kutia shaka: kagua pampu na vijibomba vyake vya plastiki, ambavyo huvunjika ukivigusa vikishakauka. Pima oili kwa kijiti kila unapojaza petroli mara mbili.

Ongeza oili ya tustroki kwenye petroli, ya daraja la JASO (kiwango cha Kijapani) FC au FD. Pampu ikifanya kazi, mililita 4 hadi 5 kwa kila lita ya petroli. Pampu ikiwa imeondolewa, 8 hadi 10. Ukijaza lita 40, hiyo ni mililita 160 hadi 200 kwa hali ya kwanza. Mimina oili kwanza, petroli ifuate, vichanganyike vyenyewe. Oili ya injini yenyewe badilisha kila kilomita 5,000, kwa sababu petroli hupenya na kuifanya nyepesi.

Hatua ya 4: Mipira ya vakyumu

Chini ya manifoldi ya juu (bomba la kugawa hewa kwa injini) kuna msongamano wa mipira myembamba na solenoidi (valvu ndogo za umeme) zinazoamua tabo ipi ifanye kazi lini. Joto huikausha ikawa kama kijiti. Weka ya silikoni yenye tundu la milimita 4, ukibadilisha mmoja baada ya mwingine, usiing'oe yote kwa pamoja. Jaribu pia valvu za njia moja kwa kupuliza: upande mmoja upite, mwingine ukatae.

Gari lisilo na hitilafu huonyesha bosti ya bar 0.7, hushuka hadi 0.55 hivi tabo ya pili inapoingia kwenye mizunguko 4,500, kisha hurudi 0.7. Likifa nguvu baada ya 4,500, tatizo ni mpira au solenoidi kabla hujailaumu tabo.

Hatua ya 5: Plagi

Nne: za chini NGK BUR7EQ, za juu BUR9EQ. Ukishapandisha bosti weka BUR9EQ kote. Zifunge injini ikiwa baridi, usizidi Nm 18, maana nyuzi za tundu la plagi ni za alumini.

Hatua ya 6: Mafuta na kompyuta

Pampu mpya ya lita 255 kwa saa, filta mpya, injekta zisafishwe na kupimwa mtiririko (za kwanza ni cc 550 kwa dakika, za pili cc 850). Presha ya mafuta lazima ipande bar kwa bar na bosti. Ikibaki nyuma, simamisha kazi.

Funga geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli yenye sensa ya masafa mapana, halafu kompyuta inayoweza kupangwa, mfano Apexi Power FC. Bosti ikiwa imejaa, lenga sehemu 11.0 hadi 11.5 za hewa kwa moja ya petroli. Ukiona 12 toa mguu. Plagi za juu zichelewe nyuma ya za chini kwa digrii 10 hadi 15. Kupunguza pengo hilo huongeza nguvu kidogo na hatari nyingi.

Hatua ya 7: Bomba la moshi na bosti

Sehemu ya nyuma unaweza kufunga wakati wowote. Bomba linalochukua nafasi ya masega ya mwanzo ya kusafisha moshi lisubiri hatua ya 6, kwa kuwa moshi ukipata njia pana, bosti hupanda yenyewe, na kompyuta ya kiwandani haina petroli ya kuifuata. Ikizidi kupanda hata ukiwa umeweka kidhibiti, mlango wa kupitishia moshi kando ya tabo ni mdogo na unahitaji kutanuliwa.

Kwa tabo za kiwandani usipite bar 0.9, tena ukiwa na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) kubwa. Nyanda za juu shusha zaidi: kufikia 0.7 pwani tabo hukandamiza hewa mara 1.7, Nairobi karibu mara 1.85, na hewa hutoka ya moto zaidi.

Majaribio yafanye kwa gia ya tatu, usiku au alfajiri, ukipanda 0.1 kwa kila awamu huku mtu wa pili akirekodi bosti, mchanganyiko na joto la hewa. Baada ya kila awamu toa plagi uzitazame: vidonda vidogo vya kung'aa kwenye kauri maana yake injini imegonga, na bosti inarudi chini siku hiyohiyo.