Meli ikitia nanga Bonaire, fanya hivi

Wenzangu wa Kampala mnaopanga safari ya meli ya kitalii huko Karibiani, mkishuka Kralendijk, mji mkuu wa kisiwa cha Bonaire, lipeni kwanza ada ya hifadhi ya bahari (hifadhi yenyewe ipo tangu 1979), alafu chukueni boti mpaka Klein Bonaire, kisiwa kidogo cha jirani, mkaogelee juu juu mkitazama chini ya maji kwa maski na mrija wa kupumulia (snorkeling), hakuna anayeishi pale wala duka so bebeni maji yenu.

Shida kubwa ni maski, ile miwani inayofunika macho na pua. Kabla hujavaa temea mate kidogo kwenye kioo, sugua na kidole, suuza na maji ya bahari, la sivyo inajaa ukungu huoni kitu, na nywele zisibaki chini ya mpira maana maji yanapenya, mimi rasta zangu zilinisumbua mpaka nikazifunga kitambaa. Pumua polepole kwa mdomo kupitia mrija, usiogope, maji ya chumvi yanakubeba kuliko ya Ziwa Victoria. Kama hujawahi, jaribu kwanza kwenye bwawa la kuogelea huku Entebbe.

Matumbawe jamani msiyakanyage, ni viumbe hai! Jua kali, vaa tisheti ndani ya maji.

Fuata saa ya meli, rudi bandarini lisaa limoja kabla.